Bustani ya Mtumbwini

Kabla sijaanza naomba mnivumilie. Mwandiko wangu unapinda kama njia ya mbuzi, na herufi nyingine zinanipotea katikati ya neno, kwa sababu nilisoma mpaka darasa la saba tu na tangu hapo mkono wangu umeshika mwiko kuliko kalamu. Naandika polepole. Naweza kuanza sentensi maji ya chai yakiwa baridi, nikaimaliza chai yenyewe imeshapoa tena. Mtakapokuta neno limekosewa, lirekebisheni kichwani mwenu na muendelee mbele.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kahindo kule Bwera. Alikuwa Mkongomani wa Butembo, mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na mwaka ule ninaotaka kuuandika alikuwa na restora huko Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, katikati ya mbuga ya wanyama. Kwenye matanga wanawake wa kanisani kwake walipika sombe, yaani kisamvu, na maharage na viazi, sufuria kubwa kubwa, wakapakua bila kuuliza nani ni nani. Nikiwa nimeshika sahani yangu nikamwona mwanaume amekaa mwisho wa benchi, kofia ya kushonwa kichwani, mikono imejaa makovu ya kamba. Alikuwa Sowedi, shemeji yangu. Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule. Aliinua mkono kidogo tu, nami nikainua wangu, halafu nikashindwa kukaa. Nikaanza kukusanya sahani ambazo hakuna aliyeniomba nizikusanye, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mama mmoja akaniambia, "Weye, keti basi! Sahani beko na miguu? Zitakimbilia wapi?" Watu wakacheka. Nikakaa, lakini moyo haukukaa. Tangu siku hiyo, hata nikiwa chumbani kwangu Nyamwamba, mjini Kasese, natembea kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Ndiyo sababu naandika.

Nilifika Hamukungu nikiwa msichana ambaye bado anaficha uso akisalimiwa na mtu mzima. Dada yangu Masika alikuwa ameolewa huko na Sowedi, ana mimba, na aliomba niende kumsaidia. Nilitoka Bwera nikateremka Kikorongo, pale njia panda kwenye malori na mabasi, nikapata lori la samaki lililokuwa likirudi ziwani tupu. Nilikuwa nimebeba zawadi niliyoifikiria mwenyewe: jembe jipya, limefungwa ndani ya gunia, mpini wake umelainishwa vizuri. Kwetu milimani mke mpya hupelekewa jembe. Unamwambia kwa jembe hilo kwamba hatalala njaa. Basi nilipolifungua mbele ya nyumba yao Sowedi alinitazama, akalitazama jembe, akaita majirani.

"Njooni muone! Shemeji yangu ameleta jembe Hamukungu!"

Wakaja. Mvuvi mmoja alilishika, akaligeuza kama anapima samaki. "Hii tutalimia wapi, binti? Kwa mgongo ya kiboko?"

"Labda anataka kazi kwa nyati," akasema mwingine.

Mama Kahindo naye alitoka restora yake akiwa na mwiko mkononi. "Muache mutoto. Iko na akili ya mulima. Mulima haijamutoka bado." Kisha akaniambia taratibu kwamba hapa ardhi ni ya wanyama. Watu wameachiwa mahali pa kulala na kuanika nyavu, lakini kulima hakuruhusiwi, hata kitalu cha vitunguu nyuma ya choo, kwa sababu shamba huita tembo na tembo huleta vifo. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Masika alilichukua jembe akalisukuma chini ya kitanda.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kitenge. Upande mmoja kitanda, upande wangu mkeka, nyavu kuukuu na ndoo ya maji ya ziwa iliyofunikwa kwa sahani. Dirisha lilitazama gati, mahali mitumbwi inapofika asubuhi. Kutoka dirishani hapo niliona samaki aina ya ngege, wanene, wa kung'aa, wakipimwa na kutupwa kwenye barafu ndani ya lori, na lori likiondoka kwenda Kasese na mbali zaidi. Kilichobaki kijijini ni mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki na kichwa, baada ya minofu kukatwa. Tulikula mgongo wazi na ugali mchana, na usiku tulikula ugali na supu ya mgongo wazi. Mboga za majani zilikuja kwa baiskeli kutoka Kikorongo, siku zikipenda. Mvua ikinyesha njia ikawa tope, hazikuja. Nyati wakilala barabarani, hazikuja. Zilipokuja zilikuwa zimenyauka kama nguo iliyokamuliwa, na wenye maduka na walimu walikuwa wamezimaliza kabla baiskeli haijasimama. Maduka yenyewe yalijaa biskuti, soda, sukari na mafuta ya kupikia. Vitu hivyo haviozi njiani, ndiyo maana viko kila mahali ambapo barabara ni mbaya. Hilo sikulijua wakati ule. Nimelielewa hapa Nyamwamba, ambapo mto ulifurika ukaacha mawe mahali palipokuwa na vibustani vya watu, na sasa mtaani kwangu chapati iko kila kona, lakini kwa dodo, yaani mchicha, lazima umngoje mama wa milimani asubuhi, na ukichelewa unakula chapati.

Kule Bwera sikuwahi kufikiria mboga inatoka wapi. Ilikuwa kama hewa. Unatoka nyuma ya jikoni, unachuma, unarudi maji hayajachemka. Hamukungu nilianza kuota majani. Nilitembea jioni kando ya kijiji nikitazama nyasi za mbuga, nikijiuliza ni zipi zinaliwa, na nilirudi ndani nikatoka tena. Masika alisema namtia kizunguzungu. Lakini kizunguzungu chake hakikuwa changu. Alikuwa akisimama anashika ukuta. Alikuwa akila udongo wa ukuta huo, vipande vidogo, akidhani sioni.

Nilimpeleka kituo cha afya, na nesi alimvuta kope ya chini, akatazama, akamvuta nyingine.

"Mama, hapa kweupe. Damu yako ni kidogo sana. Mimba ina umri gani? Sasa sikiliza. Dodo kila siku. Maharage. Maini ukipata. Machungwa."

"Nesi, dodo iko wapi?" Masika akauliza.

Nesi aliangalia dirishani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kasese, na kila alipotoka likizo alirudi na mfuko wa mboga ambao ulimalizika haraka. "Vidonge vya damu vikija nitakuita," akasema. "Lakini damu isipopanda, usizalie hapa. Nakwambia ukweli. Ukitoka damu hapa, mimi sina ya kukuongezea. Panda kwenu, kaa karibu na hospitali, kula mboga, uzalie huko."

Tulirudi nyumbani polepole. Masika alimweleza Sowedi yote, na Sowedi alisikiliza huku anashona wavu. Mwisho akasema neno moja tu: "Hapana." Sikujua wakati huo kwa nini uso wake ulijifunga namna ile. Mama Kahindo ndiye aliyeniambia, tukiwa tunamenya viazi. Sowedi aliwahi kuwa na mke mwingine. Alipanda kwao kujifungua, akakuta huko maisha rahisi, hakushuka tena. "Mwanamuke ya ziwa akienda mulimani, bwana yake anabaki na mukeka," alisema. "Sowedi si mubaya. Iko na woga." Masika naye alimpenda. Alitaka kubaki. Kwa hiyo mambo yalisimama hapo: damu ipande hapo hapo Hamukungu, ama sijui.

Nilianza kungojea baiskeli ya Kikorongo tangu asubuhi. Niliyekuwa naogopa hata kununua chumvi nilijifunza kusukumana. Siku moja nilipata fungu la dodo, nikalipika na karanga, nikaweka mbele yao. Sowedi aliinua mwiko akatazama.

"Shemeji, mimi nimekuwa mbuzi lini?"

"Ni ya dada," nikasema chini chini.

"Mwambie dada yako kiboko anakula majani kila siku, na bado hajui kusoma."

Masika alicheka mpaka akakohoa, lakini alikula yote, akafuta sufuria kwa kidole. Ndivyo wavuvi walivyokuwa. Majani ni ya mgonjwa, ya maskini, ya watu wa milimani. Mwanaume wa ziwa anakula kitu chenye macho. Nimesikia watu wa mjini wakisema maskini hawajui kula. Mimi niliishi na watu hao. Waliikejeli mboga kwa sababu haikuwepo, kama mtu anavyosema nyama ile ni ngumu baada ya kunyimwa.

Nyuma ya restora ya Mama Kahindo ulikuwa umelala mtumbwi wa Sowedi. Aliuunda kwa mikono yake, ubao kwa ubao. Halafu askari wa doria ya ziwa wakatangaza kwamba mitumbwi mifupi imekatazwa, kila mwenye nao auvunje. Sowedi aliuvuta nchi kavu, akachukua shoka, akasimama, akarudisha shoka. Akaenda kuvua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, kama kibarua. Siku moja Mama Kahindo alimwita, akapiga ubao wa mtumbwi kwa mwiko.

"Sowedi, hii maiti yako unaniachia mpaka lini? Nipe nizikie mbegu ndani."

"Mbegu gani?"

"Lengalenga." Ndivyo Wakongomani wanavyoita dodo. "Sheria inakataza kulima udongo ya mbuga. Kulima ndani ya mutumbwi, nani alikataza?"

Sowedi alipitisha kiganja juu ya ubao. Kisha akasema, "Chukueni," akaondoka kwenda gatini, maana alijua lazima tuutoboe ili maji yasisimame. Tulipasha nondo kwenye moto wa jikoni, tukautoboa chini, matundu mengi, na ule ubao uliokolea mafuta ulitoa moshi wenye harufu ya samaki. Tulibeba mavi ya ng'ombe kutoka kwa wafugaji, tukachanganya na mchanga na takataka za jikoni, ndoo kwa ndoo, mpaka mtumbwi ukajaa. Mbegu Mama Kahindo alizileta kutoka soko la Bwera, zimefungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Zilipochipua, mbuzi walikuja. Ngiri walikuja, wanapiga magoti kama wanaoswali. Asubuhi moja tulikuta nyayo za kiboko zimekaribia kabisa. Basi tukazungusha miiba, na juu tukatandaza wavu kuukuu, na juu ya wavu tukaweka nyasi kavu ili jua lisiunguze miche. Ukitazama kwa mbali huwezi kujua kuna mtumbwi pale, achilia mbali bustani. Tulijisifu sana kwa kazi hiyo.

Dodo haichelewi. Tulivuna mara ya kwanza, Masika akala. Tukavuna tena. Mama Kahindo alikuja na bakuli mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka bakuli liishe. Nesi alimvuta kope akasema, "Hm. Mnafanya nini? Endeleeni." Kope haikuwa nyekundu bado, lakini haikuwa nyeupe kama karatasi tena. Usiku huo nililala bila kuamka kutembea.

Askari walikuja mchana, jua kali. Walikuwa wakitafuta mitumbwi iliyofichwa, na mtumbwi uliofichwa kila mahali ziwani hufichwa namna moja: unafunikwa kwa wavu, na juu ya wavu nyasi. Nilikuwa naosha sahani niliposikia, "Hii ni nini? Ee! Toka hapo! Boti ya nani hii?"

Mama Kahindo alikimbia mbele. "Afande, si boti. Ni bustani."

"Bustani?" Afande alikuwa kijana, mwembamba, jasho linamtiririka. Alivuta nyasi, akavuta wavu, akaona ncha ya mtumbwi. "Bustani inavaa wavu? Inaenda kuvua? Mwenyewe nani?"

Sowedi alikuwa amelala kwenye kivuli. Alinyanyuka akasema, "Ni yangu." Kabla hajamaliza walimkalisha chini, mikono nyuma, wakaifunga kwa shati lake mwenyewe. Masika alitoka nyumbani na tumbo lake, akaona, akakaa pale pale mchangani.

"Afande, boti hiyo ilishatobolewa," Sowedi akasema. "Haiwezi kuelea."

"Kila mwizi anasema boti yangu iko na tundu. Tundu iko wapi? Mimi naona majani tu. Unaficha boti na majani, usiku unatoa majani unaenda ziwani. Twende!"

Watu wote walikuwa wamekusanyika. Mama Kahindo alikuwa ameshaanza kulia, na alipolia Kiswahili kilimtoka, kikabaki Kinande tu, lugha ya kwao. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani yenye povu. Sijui hadi leo ni nani aliyeiweka chini. Nilijikuta mbele ya afande, nasema: "Matundu yapo chini. Nitakuonyesha."

"Onyesha."

"Acha tuvune kwanza. Dakika kidogo tu. Dada yangu hana damu."

"Hapa si soko! Onyesha, ama huyu anaenda."

Nikaingia mtumbwini. Nilichimba kwa mikono. Dodo ilikuwa imefika gotini, majani mapana, mabichi, ile iliyokuwa imebaki kidogo tu kuvunwa. Niling'oa na mizizi, nikatupa pembeni, nikachimba, nikatupa. Udongo uliingia machoni. Nilimsikia Masika akiniambia, "Kabugho, polepole, polepole," kama mtu anayeona nguo yake inachanwa. Nilifika ubaoni nikafuta kwa kiganja. Mwanga wa jua haukupita, maana mtumbwi ulikuwa umekaa chini. Afande alisema, "Wapi?" Basi wanawake watatu wakaja bila kuitwa, tukaunyanyua ubavu, na jua likaingia kwa chini, tundu baada ya tundu, kama mbingu ya nyota.

Afande aliinama akatazama. Aliingiza kidole. Halafu alianza kucheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyechoka. "Nyinyi watu," alisema. "Mfungueni." Lakini alisema pia kwamba boti fupi ni boti fupi, amri ni amri, na askari wake wakaupasua kwa shoka mpaka ukawa kuni. Sowedi alitazama pigo la kwanza mpaka la mwisho.

Walipokuwa wanaondoka yule afande alirudi nyuma, akasimama karibu na rundo la dodo lililokuwa linaanza kulegea kwenye jua. Alishusha sauti. "Mama, hata sisi kambini ni ugali wa posho na maharage tu, mwezi mzima. Nifungie kidogo."

Nilidhani Mama Kahindo atamtemea mate. Alimtazama tu. Akachagua majani mazuri, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akampa. "Kula, afande. Na weye iko na mama yako."

Kilichobaki kilikuwa kingi, na kisingelala mpaka kesho. Sowedi ndiye aliyekiokota. Alipiga magoti katikati ya vipande vya mtumbwi, akikung'uta udongo kwenye kila mche, akiweka ndani ya shati lile lile walilomfungia. Kisha akaokota mbao za mtumbwi wake, akawasha moto kwa hizo. Tulipika sufuria tatu. Nyumba zote za jirani zilikula, na wavuvi walioniuliza kama nitalimia mgongoni mwa kiboko walinyoosha sahani. Sowedi naye alikula. Hakufanya mzaha. Alipomaliza alimwambia Masika, bila kumtazama, "Kesho lori linapanda. Nendeni wote wawili."

"Utanifuata?" Masika akauliza.

"Ziwa nitamwachia nani?"

Asubuhi tulikaa juu ya masanduku ya barafu, Masika ameegemea bega langu, na Sowedi alisimama gatini mpaka vumbi likamfunika.

Masika alikula mboga Bwera kila siku, nyuma ya jikoni, bila kungojea baiskeli wala kuogopa askari. Kope zake zilirudi kuwa nyekundu. Alijifungua hospitalini mtoto wa kike, wote wawili wazima. Hakushuka tena ziwani. Hawakuachana kwa maneno. Kila mara lori lilipopita Bwera dereva alitupa mfuko, ndani yake ngege mzima, mwenye minofu yake yote, na Masika alimpikia mtoto huku amegeuka ukutani. Watu walisema Sowedi hakuwa na msimamo. Mimi naona alijua jambo moja tuliloshindwa kulibadilisha: kwamba afya ya mke wake ilikuwa upande mmoja wa Kikorongo, na kazi yake upande mwingine, na hakuna kati yetu aliyechora mpaka ule.

Kwenye matanga, watu walipoanza kutawanyika, alinifuata mlangoni. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe. Nilidhani atauliza kama Masika ana mtu mwingine, au kama mtoto anamfahamu baba yake. Aliuliza, "Anakula?"

"Anakula," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepokea kitu kizito akakipatia mahali pa kukiweka, akaenda kutafuta gari la Kikorongo.

Nimefika mwisho wa karatasi na mkono unauma. Nawaomba mliosoma mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Niambieni kwenu jana mlikula nini, kilitoka wapi, na ni nani aliyebaki upande mwingine ili nyinyi mle.